Mtunya: Njaa Niliyoikuta Maktaba

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni niliandika hadithi fupi kuhusu njaa ya Ugogo. Ndani yake kulikuwa na mbuyu, mzee kipofu, na mvua iliyogoma kunyesha. Watu wakafa, mvua ikaja, hadithi ikaisha. Washikaji wa kijiweni kwetu Nkuhungu waliisifu mpaka nikajiona Shaaban Robert mdogo. Jumapili moja nikamsomea bibi yangu mzaa mama, mtu wa Chamwino, ambaye hakuwahi kukalia dawati la shule. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, huku akipeta uwele wake. Kisha akauliza swali moja tu:

"Na askari wako wapi?"

"Askari gani tena, bibi?"

"Wale waliochukua ng'ombe."

Basi. Akaendelea kupeta.

Bibi alikuwa anazungumzia Mtunya. Yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa wakati huo, ila mama yake aliipitia akiwa binti mdogo. Utotoni nilisimuliwa habari hiyo mara nyingi, lakini nilikuwa nasikia neno moja tu, njaa; mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilidhani Mtunya ni jina la ukame. Shuleni nako Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa mistari sita kwenye daftari: sababu, matukio, athari. Chini ya athari mwalimu aliandika "njaa", akaweka nukta, kengele ikagonga.

Sasa swali la bibi lilinikaa kooni. Ningemuuliza yeye tu, lakini nilikuwa na kiburi cha mwanafunzi wa chuo, nikataka kwanza nipate "ushahidi". Ndivyo nilivyoingia maktaba ya chuo kwa mara ya kwanza nikiwa na shida ya kweli.

Nasema mara ya kwanza ingawa nilikuwa naingia humo kila siku. Wewe unayesoma chuo unajua tunavyoishi. Geto la Nkuhungu lina joto, majirani wana redio, na umeme wakati mwingine una mambo yake. Maktaba ina feni, meza na kimya. Tunaingia na madesa yetu, tunasoma madesa yetu, tunatoka na madesa yetu. Vitabu vinatutazama kutoka kwenye rafu kama wageni waalikwa ambao hakuna aliyewakaribisha kula. Nilikuwa na kitambulisho cha maktaba kwa miezi saba na sikuwahi kuazima hata kijitabu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mkutubi.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta soketi ya kuchajia au kitabu?"

Nikamwambia natafuta habari za Mtunya. Aliinua macho akanitazama vizuri, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chao likitajwa ugenini. Hakunielekeza kwenye kompyuta. Alinipeleka kwenye kona ambako palikuwa na kabati la mbao lenye droo ndogo ndogo, ambalo siku zote nilidhani ni la dawa. Kumbe ni katalogi ya zamani ya kadi. Kila kitabu kina kadi tatu: moja kwa jina la mwandishi, moja kwa jina la kitabu, moja kwa somo lake. Vitabu vipya vimeingizwa kwenye kompyuta, akanieleza, lakini vya zamani havijaingizwa vyote. "Anayetafuta cha juzi aende kwenye mashine," alisema. "Wewe unatafuta cha babu zako. Vuta droo ya W."

Hebu niseme kidogo kuhusu namba za kwenye mgongo wa kitabu, maana watu wengi huzipita kama namba za nyumba zisizo na mwenyewe. Maktaba nyingi zinatumia mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Historia ya Tanzania yote imewekwa 967.8. Fasihi ya Kiingereza imepewa mia nane ishirini na kitu kwa nafasi, yaani 820 yote. Wafaransa wana 840 yao. Fasihi za lugha nyingi za Afrika zimesukumwa chini ya 896, na Kiswahili kimejibana kwenye 896.392. Ukitaka kujua mfumo huo ulituonaje, hesabu tarakimu baada ya nukta. Lakini ukishaijua namba hiyo huhitaji tena kumuuliza mtu riwaya ziko wapi. Kuna maktaba nyingine, hasa za vyuo vikuu, zinazotumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani wenye herufi mwanzoni. Usitishike. Uliza mara moja, inatosha.

Kwenye droo ya W, chini ya "Wagogo", nilikuta kadi iliyopigwa taipu, imegeuka rangi ya chai. Jina la mwandishi: Mnyampala, Mathias E. Jina la kitabu: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mwaka: 1954.

Mnyampala! Huyu si yule wa ngonjera? Ndiye. Sekondari tulifundishwa kwamba ndiye baba wa ngonjera, kwamba aliongoza UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilisambaa mashuleni kama mchakamchaka. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Hakuna aliyetuambia kwamba miaka kumi na tano kabla ya kifo chake alikuwa ameandika historia ya watu wake kwa Kiswahili. Wala hakuna aliyetuambia alizaliwa wapi. Alizaliwa Ihumwa, hapo hapo kwenye barabara ya Dar es Salaam, unapita kwa basi kabla hujamaliza karanga zako. Mwaka? 1917. Yaani alizaliwa Mtunya inaanza.

Nilisimama pale na kadi mkononi nikawa nahesabu. Mtoto aliyenyonya katika miaka ile ndiye alikuja kukaa chini akaandika historia ya walionusurika. Alikuwa karani, baadaye hakimu, na kazi zote hizo mbili zinamkalisha mtu akisikiliza maneno ya wenzake siku nzima.

Kitabu chenyewe kilitolewa na Eagle Press, chapa ya East African Literature Bureau. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu shirika hilo ndilo pia mama wa maktaba zetu. Lilianzishwa mwaka 1948, makao yake Nairobi, likihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Lilikuwa na kazi ya kutafuta waandishi wa Kiafrika, kuchapa vitabu vyao, na vile vile kuvifikisha kwa wasomaji. Hapakuwa na maktaba za umma za kutosha, basi waliazimisha vitabu kwa posta na kwa masanduku: sanduku la vitabu linafungwa, linapelekwa kituoni, linakaa muda fulani, linarudi, linakuja jingine. Wakoloni walikuwa na sababu zao, na walichagua cha kuchapa na cha kuacha. Tusiwavike kilemba cha ukoka. Lakini bila shirika lile sijui mswada wa Mnyampala ungepita mlango gani mwaka 1954.

Baada ya uhuru serikali ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Sheria nyingine ikaja 1975, ndiyo iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kwa jina tunalolijua leo. Maktaba za mikoa, ya Dodoma ikiwemo, ziko chini yake. Bodi hiyo hiyo ndiyo inayotoa namba za ISBN hapa nchini, na mchapishaji anatakiwa na sheria kuipelekea nakala za kila anachokitoa. Nalisema hili kwa ajili yetu sisi tunaojiita waandishi chipukizi: hata kijitabu chako cha mashairi ulichokichapa kwa pesa za boom kina haki ya kuwekwa pale na kukaa kuliko wewe. Shirika la Nairobi lilikufa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Miaka ya themanini ikaja na ukata wake, fedha za kigeni hakuna, karatasi hakuna, vitabu hakuna. Ukiangalia rafu za maktaba zetu nyingi utaona pengo hilo kwa macho: vitabu vya miaka ya sitini na sabini vimejaa, halafu kama meno ya mzee, nafasi, nafasi, kisha vya msaada kutoka Uingereza.

Nirudi kwenye Mtunya.

Kitabu cha Mnyampala hakiazimwi. Kimo kwenye chumba cha nyuma, kwenye kabati la vitabu vya Afrika Mashariki ambalo linafungwa kwa ufunguo. Maktaba nyingi za vyuo zina kabati au chumba kama hicho. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni sehemu nzima, yenye hata makaratasi ya Hans Cory, yule Mwaustria aliyekuwa akichunguza mila kwa niaba ya serikali ya kikoloni. Unaingia, unajaza fomu, unaletewa kitabu mezani, unasoma hapo hapo. Wanafunzi wengi wanamaliza miaka mitatu hawajui kwamba chumba hicho kipo. Mlango hauna bango, na sisi hatuna mazoea ya kuuliza.

Karibu na Mnyampala nilikuta kitabu cha Peter Rigby cha mwaka 1969, juu ya ng'ombe na undugu miongoni mwa Wagogo. Ni kigumu, kimejaa michoro ya koo, lakini kilinifundisha jambo ambalo mtoto wa mjini kama mimi nilikuwa silijui sawasawa. Katika nchi hii mvua ni ya kubahatisha, kwa hiyo mtama na uwele vinaweza kukuangusha mwaka wowote. Ng'ombe ndiye benki. Mwaka mbaya ukija unatoa mnyama unapata nafaka kwa jirani aliyevuna, na ndugu mlioazimana mifugo wanakushika mkono. Kwa hiyo ukame peke yake Wagogo walikuwa wanaujua na walikuwa na namna ya kuupita. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini. Askari wa bibi walikuwa wameanza kuonekana kwa mbali.

Halafu mkutubi akanionyesha majarida. Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936. Mwanzoni ni maafisa wa kikoloni wakiandikiana habari za samaki, makaburi na machifu, baadaye likawa Tanzania Notes and Records. Yako pale yamejalidiwa, yamejaa vumbi. Katika toleo la 1967 kuna makala ya Clarke Brooke kuhusu urithi wa njaa katika Tanzania ya kati. Nayo ikanisogeza hatua.

Kilichofunga kazi kilikuwa kwenye kompyuta ile ile ninayoitumia kuangalia matokeo ya mpira. Chuo kilikuwa kimeunganishwa na hazina za majarida ya nje, JSTOR ikiwa mojawapo, ambazo vyuo vingi vya Afrika vinazipata bure au kwa bei ya chini. Tulikuwa tunaikalia mali bila habari. Mama mkutubi akaandika neno moja tu kwenye kisanduku cha kutafutia: Mtunya. Ikaja makala ya Gregory Maddox, ya mwaka 1990, katika jarida la historia ya Afrika la Cambridge. Jina la njaa ya bibi yangu liko kwenye kichwa cha makala, limeandikwa kama anavyolitamka.

Nilisoma mpaka taa zikawashwa. Mtunya ni kama kusema kugombania, kupokonyana. Ilidumu toka 1917 mpaka 1920. Kabla ya hapo Wajerumani, wakipigana na Waingereza, walikuwa wamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Dodoma, na reli ilipokuwa mikononi mwao nao wakachukua vile vile: nafaka, ng'ombe, wapagazi. Majeshi mawili yamekula kwenye chungu kimoja. Wanaume waliotakiwa kulima wako njiani na mizigo kichwani, wengine hawakurudi. Ndipo mvua zikakataa. Mtu akageukia benki yake, akakuta zizi tupu. Mwishoni mwa 1918 ikapita pia ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Maddox anatoa hesabu kwamba katika watu 150,000 wa eneo hili walikufa 30,000. Mtu mmoja katika kila watano. Jioni ile, kwenye daladala la kurudi Nkuhungu, nilijikuta nahesabu abiria: mmoja, wawili, watatu, wanne, huyu.

Hadithi yangu ya mbuyu na mzee kipofu nilikuwa nimeiandika kwa kiburi cha mtu anayedhani njaa ni habari ya mawingu. Nilikuwa nimewafutia watu hatia bila kujua. Bibi, asiyesoma, aliliona tundu hilo kwa kusikia mara moja.

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia haya alinibishia. Alisema: sasa si ungemsikiliza bibi tu toka mwanzo, maktaba ya nini? Ni hoja nzito na sikatai. Lakini bibi alijua ng'ombe wa ukoo wake. Hakujua kwamba ni nchi nzima, wala kwamba askari walikuwa wa majeshi mawili yaliyofuatana. Kwake wote walikuwa askari. Na makala ya Maddox, pamoja na hesabu zake, haina sauti ya binti aliyeshikwa mkono na shangazi yake wakaondoka usiku. Mimi nilivihitaji vyote viwili kwenye meza moja.

Jambo jingine lilinikera, acha niliseme. Kitabu cha Mnyampala, kilichoandikwa kwa Kiswahili na mtu wa Ihumwa, kilitafsiriwa kwa Kiingereza na huyo huyo Maddox, kikatoka Marekani mwaka 1995. Tafsiri hiyo nimeiona inauzwa kwenye intaneti. Nakala ya Kiswahili nimeiona moja tu maishani, ile ya kwenye kabati la kufuli.

Nilipomrudia mkutubi kumshukuru nilimwambia kwa masikitiko kwamba sisi hatuna cha kuongeza, wameshaandika wakubwa. Akacheka. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za mradi wa Maji Maji. Mwaka 1968, idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi kwenda vijijini kusini kuwahoji wazee walioiona vita ya 1905 hadi 1907 au waliosimuliwa na walioiona. Wanafunzi kama sisi, wenye njaa kama sisi. Maandishi yao yakapigwa taipu, yakakusanywa, na mpaka leo hakuna mwanahistoria anayeandika juu ya Maji Maji bila kuyapitia. Mwaka 1973 Iliffe alitoa pia kitabu cha wasifu wa Watanzania wa kisasa, na sehemu kubwa waliandika wanafunzi. "Wale walikuwa na daftari na peni," alisema. "Wewe una simu inayorekodi."

Nilitoa fotokopi za kurasa chache za Mnyampala, zile za koo, nikaenda Chamwino Jumamosi iliyofuata. "Mbukwenyi," nikabisha hodi. Nikamsomea bibi. Safari hii hakuwa na uwele, alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Sehemu kubwa alikuwa anaitikia kwa kichwa. Tulipofika kwenye ukoo wake akaninyooshea mkono nisimame.

"Nani amesema hivyo?"

"Mnyampala, bibi. Wa Ihumwa."

"Wa Ihumwa atajuaje habari zetu sisi? Soma tena."

Nikasoma tena. Akasema sivyo. Akaeleza ilivyokuwa, nani alitangulia, nani alikuja na ng'ombe wangapi, kwa nini waliacha kule walikotoka. Kisha bila kuombwa akaingia kwenye Mtunya, kwa majina: nani alichukuliwa kubeba mizigo, zizi la nani lilifunguliwa alfajiri, shangazi alimshika nani mkono na ni nani aliyeachwa. Simu ilirekodi dakika arobaini na saba kabla chaji haijaisha. Mengine niliandika nyuma ya zile fotokopi.

Ilinichukua wiki mbili kuyanakili yote, Kigogo upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Niliyapeleka maktaba kurasa kumi na tisa, nimezibana kwa pini. Mama mkutubi alizipitia ukurasa mmoja mmoja amesimama. Akaenda ndani, akarudi na bahasha ya kaki na kadi tupu, ile ya zamani, akaiingiza kwenye mashine ya taipu iliyokuwa juu ya kabati.

"Jina la mwandishi?" akauliza.

Nikamtajia jina la bibi.